Mrejesho: Rivolva ya bei nafuu niliyoichagua

Ndugu zangu, niliwauliza ni rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ipi ya bei nafuu inayofaa kulinda nyumba na pia kubebwa mwilini bila kuonekana. Nawashukuru wote mlionishauri. Baada ya kibali kukamilika, nilichagua Taurus 856 ya chuma, yenye mtutu wa inchi 2 na silinda ya risasi 6 za aina ya .38 Special. Waliopendekeza Smith & Wesson 642 walikuwa na hoja nzito, kwa kuwa ni nyepesi na nyundo yake imefichwa ndani isinase kwenye nguo, lakini wepesi huohuo ndio unaolifanya teke lake, yaani msukumo wa nyuma inapofyatuliwa, liwe kali, na anayeogopa teke huishia kukwepa mazoezi.

Kwa kuwa niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, niliikagua kwanza silinda ikiwa tupu: nilivuta kifyatulio polepole kwa kila tundu, nikihakikisha kwamba silinda imejifunga barabara kabla nyundo haijaanguka. Kucheza kidogo sana si tatizo. Silinda isiyolingana na mtutu ndiyo ya kukataa papo hapo, kwani risasi hukwaruza ukingo na kurusha vipande vya risasi pembeni.

Fedha iliyobaki nilinunulia ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, pamoja na kasha la chuma lenye kufuli, maana nyumbani kuna watoto na hilo kwangu halina mjadala. Kwa sasa ninafanya mazoezi kwa risasi za kawaida kabla ya kujaribu zile za +P, yaani zenye shinikizo kubwa zaidi.