Tupeane uzoefu: mapambo ya mezani ya vitu vya nyumbani, nani amewahi kufanya?

Binti wa Mwanga
Wadau, habari za jioni. Mdogo wangu ana sendofu mwisho wa mwezi huu hapa Mwanga, Kigoma. Meza kumi na tano. Mpambaji tuliyemwita alitaja bei, kamati nzima ikanyamaza, mjomba akafunga daftari. Nimeomba nipewe mimi kazi ya mapambo ya katikati ya meza kwa shilingi elfu arobaini. Nilivyo navyo ni chupa za jamu, makopo ya maziwa ya unga, trei za mayai chache na mfuko wa vipande vya kitenge. Stoo ya mama bado sijaipekua. Waliowahi kufanya, mlifanyaje, na nini kiliwaharibikia? Semeni ukweli maana sina hela ya kurudia.

Cherehani Ujiji
Vipande vya kitenge usinunue. Pita kwa mafundi, sisi tunavitupa au tunajazia mito. Kata miraba ya upana wa kiganja, kunja kila mmoja pembe kwa pembe mara mbili, ishone kwa mkono kwenye uzi mmoja, uvute uzi, ua limekwisha. Chagua rangi mbili tu kwa shughuli nzima. Ukichanganya kila kitenge kilichopita dukani, meza inafanana na kapu la nguo za mtumba.

Mama Watatu
Trei za mayai ndiyo mpango mzima. Nilifanya kipaimara cha mwanangu. Unachana kikombe kimoja kimoja, unakikata mipasuko minne ili kiwe petali, unaziviringa ncha kwa kalamu. Vikombe vitatu, kimoja ndani ya mwenzake, unapitisha waya chini. Rangi nilitumia ya chakula kwenye maji, nikachovya haraka na kutoa. Ukiacha kwenye maji, inarudi kuwa uji. Anika kivulini. Mimi nilianika juani, ua la kwanza likapauka na kupinda, nikaanza upya saa nne usiku.

Hesabu yako: maua matano kila meza, vikombe vitatu kila ua, meza kumi na tano. Hivyo ni vikombe 225. Trei ya mayai thelathini, basi unahitaji nane.

Kibirizi Damu
Naunga mkono trei.

Gungu kwa Mzee
Mmenikumbusha mbali. Zamani kwetu sebuleni kulikuwa na maua ya rambo. Mama alikuwa anakata mifuko ya plastiki, mieupe na ya bluu, anafunga kwenye vijiti, anasimika kwenye kopo lenye mchanga. Kila Idd anayatoa, anayaosha kwa sabuni, anayarudisha. Mifuko ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mama alikuwa ameshafariki, na yale maua nimeyaacha pale pale juu ya kabati. Sithubutu kuyaondoa.

Ushauri wangu kwako binti: kama shughuli ni nje chini ya turubai, weka uzito. Upepo wa ziwa hauna huruma. Tulipanga chupa nyepesi na maua ya karatasi, kabla bibi harusi hajaingia chupa sita zilikuwa chini. Kokoto au mchanga robo ya chupa.

Mise na Mawese
Badala ya kokoto tumia mise, yaani kokwa za chikichi, tunda la mawese. Ziko bure kwenye mashine za kukamua, ni nyeusi, zikiwa ndani ya chupa ya kioo zinapendeza kuliko jiwe. LAKINI zioshe. Mimi sikuziosha. Niliazima vitambaa vyeupe vya kanisani, nikazimwaga kokwa mezani kuzunguka chupa kama urembo. Wageni walipoegemeza mikono zikasuguana na kitambaa. Kufika jioni kila meza ina duara la mafuta rangi ya machungwa, na mawese yakishika pamba unayajua. Nilifua siku mbili, nikaloweka, nikachemsha. Vitambaa vinne nililipa. Sasa nazisugua kwa majivu na maji ya moto, nazianika siku mbili, na zinakaa NDANI ya chupa tu.

Dada wa Bangwe
Tumia magamba ya konokono wa ziwani, yapo ufukweni kibao na ni mazuri ajabu. Chemsha kwanza, la sivyo ukumbi utanuka.

Mvuvi Mstaafu
Dada wa Bangwe, ya ufukweni yaliyokauka sawa. Ila wapo wanaozamia kuyafuata chini, hapo naomba tusimame. Katika Ziwa Tanganyika kuna samaki wadogo wanaoishi na kutaga mayai ndani ya magamba matupu ya konokono. Gamba ni nyumba yao. Ukibeba gunia, umebeba mtaa.

Dada wa Bangwe
Mzee wangu shikamoo, nilisema ufukweni. Hakuna niliposema kuzamia.

Kibirizi Damu
Magamba hayaishi yale jamani, tumekua tunachezea.

Mvuvi Mstaafu
Marahaba. Na wewe wa Kibirizi, na migebuka, samaki wa ziwa letu, tulisema haiishi. Nimemaliza.

Nyuki wa Tabora
Niko Tabora ila naingia hapo hapo. Huku nta tunayo, wafuga nyuki wanaiuza kwa bei nafuu. Nayeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe siweki nta moja kwa moja juu ya moto, inashika. Namimina kwenye vifuu vya nazi, utambi wa uzi wa pamba katikati. Ukumbi unanukia asali. Makopo yako ya maziwa yafanye taa: jaza maji, weka kwenye friza yagande, ndipo utoboe maua kwa msumari. Barafu inazuia bati lisibonyee. Wasio na friza wajaze mchanga uliolowa, wagandamize vizuri.

Na mshumaa usiwekwe kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, hata kama ni kwa picha ya dakika moja.

Kaka Chupa
Mbona hakuna anayezungumzia kukata chupa za kioo? Uzi wa pamba, loweka mafuta ya taa, funga shingoni, washa, zungusha mpaka moto uishe, tumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Inakatika kama muwa.

Mama Watatu
Usimfundishe mtu hivyo bila kusema hatari. Shemeji yangu chupa ilipasuka mkononi, nyuzi tano kwenye kiganja.

Kaka Chupa
Nimekata zaidi ya kumi na sijapata hata mchubuko. Tatizo watu hawavai glavu.

Mama Watatu
Hukusema glavu mwanzoni. Hukusema miwani. Hukusema ukingo unasuguliwa kwa msasa wa maji. Anayesoma ni binti mwenye wiki tatu na meza kumi na tano.

Cherehani Ujiji
Mpelekeeni fundi vioo akate, mjadala uishe. Binti chupa zako za jamu zina midomo mipana tayari, huna haja ya kukata. Viringisha kamba ya katani kuanzia chini, gundi ya mbao upana wa kidole kwa wakati, usipake chupa nzima kwa mpigo maana inakauka kabla hujafika.

Mjukuu wa Buhigwe
Nilikuwa nasoma kimya, ila hilo neno stoo la aliyeanzisha mada limenishika kooni. Nisameheni, nitaandika kwa kirefu.

Dada yangu aliolewa tukiwa Kasulu. Mimi nilipewa meza kuu. Hela haikuwepo, kama wewe. Nikaingia stoo ya mama usiku, nikakuta nyuma ya magunia kibuyu kirefu, shingo nyembamba, kimefungwa mkanda wa ngozi, kina harufu ya moshi na maziwa ya zamani. Moyo uliniruka kwa furaha. Nikachukua msumeno wa chuma wa baba, nikakikata kiunoni. Kilikuwa kigumu, unga wake ulikuwa wa kahawia, laini kama ugoro. Nusu ya chini nikaijaza mchanga na maua. Ya juu nikaigeuza, nikaisimamishia mshumaa. Nikapuliza rangi ya dhahabu mara tatu. Kila aliyeingia kusaidia kupanga viti alipiga picha.

Bibi alifika siku yenyewe kutoka kijijini, amebebewa debe la maharage. Akapita meza moja moja akigusa vitambaa, anatabasamu. Alipofika meza kuu akasimama. Hakuuliza kitu. Alikwangua ukingo kwa ukucha wa kidole gumba mpaka rangi ikatoka na kibuyu chenyewe kikaonekana, akainama, akanusa. Kisha akauliza kwa Kiha, sauti ya chini kabisa, ni nani amekiua.

Kile kibuyu mama yake alimpa siku anaolewa. Alisukia maziwa ya watoto wake wote saba humo. Paa la kijijini lilipoanza kuvuja akampa mama amtunzie. Na siku ile alikuwa amekuja kumkabidhi dada yangu mbele za watu. Yale maharage hayakuwa zawadi, yalikuwa ya kusindikizia kibuyu.

Mama akakimbilia jikoni. Mimi nilibaki nimeshika kitambaa cha kufutia meza. Emsii, ambaye hakujua lolote, akamwita bibi mzaa mama aje atoe zawadi. Bibi akaenda mikono mitupu. Akamshika dada mashavu yote mawili, akaongea naye taratibu, mkono wa emsii ukiwa umenyoosha kipaza sauti ambacho bibi alikisukuma pembeni. Dada hajawahi kuniambia aliambiwa nini.

Binti wa Mwanga, kabla hujagusa kitu chochote stooni kwa msumeno, gundi au rangi, muulize mama yako kila kimoja ni cha nani.

Dada wa Bangwe
Nimesoma niko dukani, imebidi nigeuke ukutani wateja wasinione.

Kibirizi Damu
Pole sana.

Kaka Chupa
Pole ndugu, ila kosa ni la mama yako. Urithi hauwekwi nyuma ya magunia bila kuwaambia watoto.

Mjukuu wa Buhigwe
Mama yangu usimguse. Alikificha huko kwa sababu sebuleni watoto wangekivunja. Aliyekata ni mimi.

Gungu kwa Mzee
Kaka Chupa, leo pumzika.

Kaka Chupa
Nimeelewa. Samahani Mjukuu.

Mise na Mawese
Bibi yupo bado? Kibuyu kilichopasuka kinashonwa. Toboa matundu kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, pande zote mbili zikitazamana, pitisha uzi wa katani. Nimeona vibuyu vya wazee vina mishono mitatu na bado vinatumika.

Nyuki wa Tabora
Kilichopasuka ni sawa. Kilichokatwa kiunoni mzunguko mzima hakitashika maziwa, labda nafaka. Na rangi ya kupuliza ikishaingia humo usiweke chakula cha kuliwa kabisa. Afadhali kuotesha kipya. Panda mbegu mvua zinapoanza, acha kibuyu kwenye mmea wake mpaka kikonyo kikauke chenyewe, kisha kikae miezi kivulini mpaka ukitikisa mbegu zilie ndani.

Mjukuu wa Buhigwe
Bibi yupo, anapita themanini. Nusu ya chini aliichukua. Alikaa uani siku tatu akikwangua dhahabu kwa kipande cha kioo. Anawekea mbegu za maharage za msimu ujao. Ya juu iko kwangu, sijui niifanye nini. Mwenye mbegu za kibuyu cha shingo ndefu naomba aniandikie pembeni.

Mvuvi Mstaafu
Shangazi yangu ana mmea wake Manyovu, umetambaa juu ya banda la mbuzi. Nakuandikia.

Binti wa Mwanga
Asanteni wote. Leo nimekaa na mama stooni saa nzima, kitu kimoja kimoja mkononi. Chupa mbili za jamu amenipokonya, za pilipili yake. Chungu kidogo chenye ufa, nilichokuwa nakitolea macho toka Jumapili, kumbe alipikia uji wangu mimi nikiwa mchanga. Kimerudi juu. Mishumaa itakaa kwenye makopo ya bati tu, mise naosha kesho kwa majivu, rangi zangu ni kijani na ya machungwa. Zimebaki trei za mayai, ninazo tatu. Nani yuko karibu ana tano?

Gungu kwa Mzee
Ninazo kumi na moja. Njoo kabla ya magharibi, wajukuu wanaziwashia mkaa.