Mtambo wa majitaka unatuulia ziwa, tukilalamika tunaambiwa "ni mdogo"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaficha.

Manispaa yetu ina mtambo mdogo wa kusafisha majitaka. Maji yake yanatoka kwa bomba moja na kuingia ziwani moja kwa moja. Siku zote tunaambiwa yakitoka pale ni salama. Juzi, kama saa nane usiku, nikapita kando ya uzio: kimya. Mashine za kupuliza hewa, ambazo mchana zinanguruma hadi ukitaka kusikika upaze sauti, zimezimwa. Nikashuka na tochi hadi kwenye mdomo wa bomba. Maji ya kijivu, povu limepanda mpaka kwenye majani, mabonge ya tope jeusi yanaelea kwenda ziwani, na harufu ya mayai viza. Nimerudi usiku mwingine mara mbili, hali ni ile ile. Asubuhi mashine zinawashwa, na wapimaji wanafika saa nne.

Najua ipo mitambo inayozima hewa kwa vipindi vifupi makusudi, ili kupunguza naitrojeni. Lakini usiku kucha? Kazi yote pale inafanywa na bakteria, na bakteria hao wanataka oksijeni. Ukiwanyima ili upunguze bili ya umeme, uchafu hauliwi, tope halitulii chini, linatoka na maji. Anayezima anajua hilo, na ndiyo maana anazima usiku.

Nilipokwenda ofisini nikajibiwa kwamba mtambo ni mdogo, ziwa ni kubwa. Jibu hilo ndilo limenichefua kuliko hata harufu. Ziwa si mto. Fosforasi, kirutubisho kinachotoka na majitaka na kulisha mwani, ikishaingia haina pa kwenda. Inalala kwenye matope, na chini kukikosa oksijeni inaachiwa tena majini. Mwaka 1973 huko Kanada wanasayansi waligawa ziwa moja dogo kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni, upande mmoja wakaongeza fosforasi. Ni upande huo uliogeuka kijani kwa mwani. Na Ziwa Washington, pale Seattle, halikuharibiwa na majitaka ghafi pekee: lilikuwa likipokea maji ya mitambo kadhaa ya kusafisha, ambayo kila mmoja ungeweza kujitetea kwamba ni mdogo. Walipoyaelekeza kwingine kati ya 1963 na 1968, maji yakaanza kung'aa tena.

Kwetu mwani umeshaanza. Karibu na bomba maji ni mazito, ya kijani, ukichovya mkono unatoka na utando. Alfajiri kabla ya jua samaki wanapanda juu, midomo wazi, wanahema, kwa sababu usiku mwani wenyewe unatumia oksijeni iliyobaki. Nimesimama nikiwatazama na nimeumia kwelikweli.

Halafu kuna watu wanasema tutachemsha. Hapana jamani! Sumu ya aina fulani za huo mwani haiondoki kwa kuchemsha. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba yaliyotoka Ziwa Erie, na wakaonywa wasiyachemshe, kwa kuwa maji yakipungua sumu inabaki na kuwa kali zaidi.

Tunachodai hakihitaji mtambo mpya. Hewa ipulizwe usiku na mchana. Fosforasi ipimwe, sasa hivi hawaipimi kabisa, na mtu wa maabara yao amenithibitishia kwa mdomo wake. Ikizidi, itiwe shabu au chumvi ya chuma iishushe chini pamoja na tope, mbinu ambayo ni ya miaka mingi. Na sampuli ichukuliwe saa nane usiku, kwenye mdomo wa bomba, wananchi wakiwepo.

Barua yangu ya tatu naipeleka Jumatatu, na picha za usiku zote tatu. Kama kuna aliyewahi kuendesha mtambo wa namna hii, naomba aniambie: kitabu cha kumbukumbu za kuwasha na kuzima mashine hukaa kwa nani, na mwananchi anakiombaje?