Uzi wa soksi, mabonge mawili ya gramu 100: nifume nini zaidi ya soksi?

BaridiYaNjombe (mleta uzi)

Wakuu, huu ni uzi kuhusu uzi, msinicheke. Nina mabonge mawili ya uzi wa soksi kutoka Ujerumani. Lebo inasema: gramu 100, mita 420, sufu 75%, poliamidi (nailoni) 25%, sindano mm 2 hadi 3, vitanzi 30 na mistari 42 kwa sm 10. Bonge moja ni kijivu tupu, la pili linabadilika rangi lenyewe. Vifaa nilivyonavyo ni sindano za mviringo zenye waya mm 2.5 (urefu sm 80), nyingine mm 4, na kulabu ya kroshia mm 3.

Nauliza: bonge moja linatosha mtandio? Naweza kufuma nyuzi mbili pamoja nikapata sweta? Na soksi za kroshia zinafaa, au lazima sindano? Kuna mtoto anayetarajiwa mwezi wa saba na huku ndiyo baridi yenyewe. Nawasilisha.

Kulabu_na_Sindano

Kabla ya kuchagua cha kufuma, elewa uzi wenyewe. Ni mwembamba, mrefu, na ile poliamidi ndiyo inayozuia kisigino kisitoboke. Uzi huohuo kwenye sindano mm 2.5 unatoa kitambaa kizito kinachostahimili kusuguliwa: soksi, glavu. Ukiupeleka kwenye mm 4 unalegea na kuanguka vizuri mwilini, huo ni mtandio. Wengi hukosea kwa kufuma mtandio kwa sindano ya soksi, wakapata kitu kigumu kama mkeka. Au kinyume chake, soksi za sindano nene zinazotoboka mapema kwa sababu vitanzi vimeachana.

Fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 40, siyo 30, ili upime sm 10 za katikati, maana pembeni huwa panajikunja. Kisha kiloweke, kikauke, ndipo upime. Sufu iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine hutanuka ikilowa, na usipolijua hilo kofia ya leo itaingia machoni kesho.

MamaSweta

Naunga mkono hoja. Naongeza hesabu ya soksi, maana hata ukitaka vitu vingine, jozi moja itoke humo.

Pima mzunguko wa mguu pale penye upana, karibu na vidole. Tuseme sm 22. Toa asilimia kumi, inabaki 20. Zidisha kwa vitanzi 3 kwa sentimita, unapata 60. Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu, la sivyo inashuka na kujikusanya ndani ya kiatu. Anzisha vitanzi 60 kwa kulegeza, fuma ukingo wa viwili mbele viwili kinyume duru 20 (mbele ni kitanzi cha kawaida, kinyume ni kilekile kikifumwa kutoka upande wa pili), kisha shuka mbele tupu hadi urefu unaoutaka.

Kisigino: chukua nusu, vitanzi 30, ufume kwenda na kurudi mistari 30, ukihamisha kitanzi cha kwanza cha kila mstari bila kukifuma. Pembeni utapata vitanzi virefu 15 kila upande. Sasa kugeuza, hapa ndipo watu huacha soksi zao kabatini. Fuma 17, punguza kimoja (yaani fuma viwili pamoja), fuma 1, geuza kazi ingawa mstari haujaisha. Hamisha 1, fuma kinyume 5, punguza kimoja, kinyume 1, geuza. Hamisha 1, fuma 6, punguza, fuma 1, geuza. Endelea hivyo, namba ya katikati ikiongezeka moja kila mstari. Utaona pengo dogo pale ulipogeuzia mara iliyopita. Kupunguza hufanyika juu ya pengo hilo, kitanzi kimoja cha huku na kimoja cha kule. Vikiisha vya pembeni utabaki na 18. Ukipata 17 au 19, kuna pengo umeliruka. Fumua mistari miwili tu, usifumue kisigino chote.

Okota 15 kila upande na kimoja cha ziada pale kwenye kona, ukikisokota. Usipookota hicho cha ziada, ndipo tundu la kifundo linapotokea. Jumla ni 80. Punguza 2 kila duru ya pili mpaka virudi 60.

Vidole: anza sm 4 na nusu kabla ya mwisho wa mguu. Punguza 4 kila duru ya pili hadi vibaki 32, kisha kila duru hadi 16, ushone kwa sindano ya mkono.

Jozi ya mguu namba 38 hula gramu 70 hivi. Gawa bonge kwa mizani gramu 50 na 50 kabla ya kuanza. Na kwa hilo lenye rangi, anzisha soksi ya pili mahali palepale rangi ilipoanzia kwenye ya kwanza, vinginevyo utavaa ndugu, siyo mapacha.

TangaBichi

Huku kwetu pwani sufu robo tatu ni adhabu. Ukiwa na dada yako wa huku usimtumie soksi, mtumie mtandio wa matundu.

BaridiYaNjombe (mleta uzi)

Hahaa, nimekusikia. Basi turudi kwenye mtandio: mita 420 zinatosha?

Kulabu_na_Sindano

Zinatosha wa pembetatu, upana takriban sm 140 ukinyooshwa, kwa sindano mm 4. Fuma unaoanzia katikati ya shingo, ukiongeza vitanzi 4 kila baada ya mistari miwili: kimoja kila ukingo na viwili kandokando ya uti wa katikati. Faida yake ni kwamba unaweza kusimama mahali popote uzi unapokaribia kuisha.

Lakini macho hudanganya. Kwa kuwa kila mstari ni mrefu kuliko uliopita, uzi unapofika nusu wewe tayari umeshafuma kama mistari saba katika kila kumi. Anayejiambia "bado nusu nzima" huishiwa katikati ya ukingo. Dawa ni mizani ya jikoni. Pima bonge, fuma mistari minne, pima tena. Ikiwa zimeondoka gramu 4, mstari mmoja ni gramu 1. Kufunga vitanzi kwa kulegeza hula mara mbili hadi tatu ya mstari, kwa hiyo bakiza gramu 5 na ufunge. Fungia kwa sindano nene zaidi, mm 5 kama utaazima, la sivyo ukingo unavuta na mtandio unapinda kama upinde.

Ukimaliza, loweka dakika 20 maji ya baridi, kamua ndani ya taulo bila kunyonga, tandaza juu ya godoro lenye kanga na uubane kwa pini. Matundu hufunguka hapo. Kabla ya hapo mtandio wowote unaonekana kama tambara, usikate tamaa.

VitambaaVyaMakochi

Upande wa kroshia: soksi za kulabu sizipendi. Kila fundo lina uzi mwingi uliopandana, chini ya unyayo unausikia, hasa ndani ya kiatu. Kofia ya mtoto mchanga ndiyo kazi ya hiyo mm 3.

Kichwa cha mchanga ni kama sm 35, kofia iwe sm 32. Gawa kwa 3.14: duara la juu lifike kipenyo cha sm 10. Anza na mafundo marefu 12 ndani ya kiduara, duru ya pili 24, ya tatu 36, yaani ongeza 12 kila duru. Kikifika sm 10 acha kuongeza, shuka hadi kimo cha sm 13. Kikijikunja kama bakuli mapema, unaongeza kidogo mno. Kikijikunjakunja kama jani la sukuma wiki, unaongeza kupita kiasi. Usiweke matundu makubwa, vidole vya mtoto hunasa. Ncha za uzi zifichwe kwa kupitisha mara tatu, pande tofauti.

Ukifuata maelekezo ya Kiingereza, kwanza jua yametoka wapi. Uingereza na Marekani wanatumia majina yaleyale kwa mafundo tofauti, na kofia inaweza kutoka nusu au mara mbili ya kimo.

Jambo jingine: usifumie vitambaa vya makochi. Sufu haishiki wanga ikasimama kama pamba, na pasi ya moto hulaza poliamidi ikang'aa vibaya.

MamaSweta

La nyuzi mbili: ndiyo. Shika kijivu na ule wa rangi pamoja kwenye mm 4, utapata kama vitanzi 21 kwa sm 10. Gramu 200 ni sweta ya mtoto wa mwaka mmoja, ya mtu mzima sahau. Uzuri wake, rangi huchanganyika kama chumvi na pilipili na kasoro hazionekani. Ubaya, umemaliza vyote kwa sweta atakayoivaa miezi sita.

Kwa Njombe ningefuma glavu zisizo na vidole. Kiganja cha sm 20, vitanzi 56 kwenye mm 2.5, ukingo duru 25, kisha kwa kidole gumba ongeza 2 kila duru ya tatu hadi upate 18 vya gumba, uviweke kwenye uzi wa akiba, endelea na kiganja. Jozi hula gramu 45 hivi. Ukirudi kufuma gumba, okota viwili vya ziada kwenye kona, ni tundu lilelile la kisigino.

BaridiYaNjombe (mleta uzi)

Basi nimeamua: la rangi liwe soksi, kijivu kitoe glavu na kofia ya mtoto. Kufua je? Sabuni ya unga?

VitambaaVyaMakochi

Siyo ile yenye vimeng'enya vya kula madoa. Vile vinavyokula protini ya damu na maziwa vinakula na sufu, maana sufu nayo ni protini. Shampuu ya nywele kijiko kimoja kwenye beseni, maji ya vuguvugu, usisugue. Anika kwa kulaza kivulini. Ukitundika kwenye kamba, maji yanavuta na glavu inafika kiwikoni. Kijivu kitakachobaki, kama gramu 30, fumia soksi za huyo mtoto: vitanzi 36, na ziwe na kamba ya kufunga kifundoni, maana wachanga huzipiga teke.