"Vijana wajiajiri": ni ushauri au ni serikali kunawa mikono?

MTOTO WA KIWANDANI
Wadau habari za jioni, naomba tujadili huu wito tunaopewa kila siku kwenye hotuba, "vijana wajiajiri", bila matusi. Mzee wangu alikuwa kiwanda cha nguo (sitakitaja), na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina, alikuwa "mzee wa kiwandani" na sisi "watoto wa kiwandani", ukitumwa dukani kukopa sukari mwenye duka hana wasiwasi anajua mwisho wa mwezi analipwa. Miaka ya tisini wakampunguza, akapewa kiinua mgongo, akanunua mashine ya kusaga ikamfia ndani ya mwaka. Leo mimi nina digrii, niulize nafanya kazi gani, nitakujibu "nipo nipo tu, mishemishe". Instagram nimeandika mjasiriamali. Ukweli nauza viatu vya mtumba.

Sasa hoja yangu. Tangu tusaini mkopo wenye masharti na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) 1986, Mwalimu akiwa ameshang'atuka, tumepiga kelele sana kuhusu mashirika ya umma kubinafsishwa, benki ya NBC kuuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini 2000, maji ya Dar kupewa kampuni binafsi ya City Water 2003 mpaka mkataba ukavunjwa 2005. Sawa. Lakini kuna kitu kilibadilika kimyakimya, nacho ni swali tunaloulizana. Zamani mtu akikosa kazi watu wanauliza kiwanda kimekuwaje. Siku hizi anaulizwa yeye, "umejaribu nini?" Hana kazi, hana bima, hana pensheni, halafu anakaa ukumbini kwenye semina, analipa kiingilio kuambiwa tatizo ni fikra zake!!

BABU WA FOLENI
Kijana nakuheshimu ila hiyo sukari ya kukopa ni ya mwaka gani? Mimi 1983 nilikuwa Dar, foleni ya sabuni unaipanga alfajiri, ukikutwa na maboksi mawili ya dawa ya meno unaitwa mhujumu uchumi. Tumekula unga wa njano tukauita unga wa Yanga, na mimi Simba damu, nikameza hivyohivyo. Kiwanda cha mzee wako kilikuwa hakina spea kwa sababu dola hazipo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mafuta yakapanda, vita ya Kagera ikatumaliza. Viwanda vingi vilikuwa vinazalisha chini ya theluthi ya uwezo wake na mishahara inatoka vilevile, sasa nani alikuwa anailipa? Mkulima wa pamba na kahawa, ambaye hela yake inakaliwa msimu mzima. Rais Mwinyi aliposema ruksa kuingiza bidhaa, tukavaa, tukala. Msitulilie kitu ambacho hamkukiishi.

MTOTO WA KIWANDANI
Babu sijasema turudi foleni. Ila foleni ya sabuni na kuchangia matibabu ni vitu viwili, kuchangia hospitali za serikali kulianza 1993, sabuni zimeshajaa madukani. Kwenye karatasi mjamzito halipi, lakini wote humu tunajua kuna sehemu anaambiwa aje na glovu zake. Hilo nalo ni ruksa?

BODA WA MBAGALA
Mnabishana historia ngoja niwape hesabu. Mimi ndo yule kijana anayetajwa kwenye hotuba, "amejiajiri". Pikipiki ni ya tajiri. Mkataba elfu 10 kila siku miezi 15, zidisha mwenyewe ni milioni 4 na nusu, na chombo alikitoa dukani kwa hela isiyofika milioni 3. Mafuta yangu, oili yangu, tairi yangu, faini ya trafiki yangu, nikivunjika mguu hesabu ya tajiri ya kila siku inaendelea kukimbia kama kawaida, na nikichelewesha siku 3 anakuja kuchukua chombo hata kama imebaki wiki mbili kiwe changu. Sasa nisaidieni, hapo nimejiajiri au nina bosi ambaye hana majukumu? Mzee wa kiwandani angalau alikuwa na ofisi ya kwenda kugonga. Wangu ananitumia meseji tu saa 12 jioni, "leo vipi".

Na hela ikikata ni kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, kweli haina riba, ila muwe kikundi, mwe na katiba, mzunguke ofisi mpaka nauli iishe, halafu 2023 wakaisimamisha mpaka 2024 na sisi fomu tumeshajaza.

JIRANI WA NAKURU
Wandugu wa TZ afadhali nyinyi, huku Kenya jina lenyewe liligeuzwa siasa. 2022 kwenye uchaguzi kila mtu alikuwa hustler, yaani mhangaikaji, mama mboga hustler, fundi wa jua kali hustler, na mwenye helikopta pia hustler. Novemba tukapewa Hustler Fund, mkopo wa serikali, unaanza na 500 bob (shilingi za Kenya), riba asilimia 8 kwa mwaka. 500 bob utaanzisha nini? Halafu tangu Oktoba 2024 kuna SHIF, mfuko wa bima ya afya wa serikali, wa payslip anakatwa asilimia 2.75 basi, sisi wa kujiajiri tunaulizwa maswali, nyumba yako ina paa gani, choo gani, ndio wakadirie utalipa ngapi, na wanaitaka ya mwaka mzima mara moja. Wakati wa kura wewe ni hustler, wakati wa bili wewe ni biashara.

BABU WA FOLENI
Boda umenishika pabaya, sitabisha. Ila nikuulize, serikali ikimbana tajiri wako akulipie NSSF (mfuko wa pensheni) na bima, si atapandisha hesabu iwe elfu 13?

BODA WA MBAGALA
Apandishe, ila iandikwe kwenye mkataba nikilazwa hesabu inasimama. Pensheni sijaomba babu, naomba wiki mbili za kuuguza mguu.

BABU WA FOLENI
Si umwambie hivyohivyo, ni mtu mzima mwenzako.

BODA WA MBAGALA
Nilimwambia mwaka jana. Akanijibu kuna vijana 20 wanaisubiri hiyo pikipiki.