Drafti ya NFL: utajuaje mchezaji kachukuliwa mapema mno?

Swali: Kwenye drafti, timu za NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) huchukua wachezaji wapya kwa zamu. Timu ikimchukua nafasi ya 20 mtu ambaye wachambuzi wengi walimweka ya 45, hilo pekee latosha kusema wamekosea?

Jibu 1: Halitoshi. Orodha za mitandaoni si orodha za timu. Jiulize kwanza: zamu yao iliyofuata ilikuwa ya ngapi, na nani katikati alimhitaji? Mwaka 2019 timu ya Giants ilimchukua kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) Daniel Jones nafasi ya 6 ikiwa pia na ya 17. Ubishi wote ulikuwa hapo: angefika 17? Kwa kwotabeki, kusubiri zamu 11 ni kamari.

Jibu 2: Ongeza jedwali la kocha Jimmy Johnson, linaloipa kila nafasi ya drafti pointi za thamani ili timu zibadilishane nafasi. Nafasi ya 20 ina pointi 850, ya 45 ina 450. Kama ungeweza kubadilishana na timu nyingine ukashuka, ukampata yuleyule na kupewa nafasi ya ziada juu yake, basi umepoteza. Ila lazima awepo wa kubadilishana naye. Siku ile simu zaweza zisilie kabisa.

Jibu 3: Jedwali halioni kazi ya mchezaji. 2016 timu ya Buccaneers walitoa nafasi za 74 na 106 wapande hadi 59. Kwa pointi, biashara ya haki. Wakamchukua mpiga mateke, yaani anayeingia tu kupiga mpira kwa mguu, Roberto Aguayo! Msimu mmoja tu, wakamwacha.

Jibu 1: Na raundi ya kwanza, inayoishia nafasi ya 32, ina chaguo la mwaka wa 5 kwenye mkataba: timu ikitaka, yaweza kumwongezea mchezaji mwaka huo. Kwotabeki nafasi ya 32 si sawa na 33.