Marehemu baba yumo kwenye daftari la wapiga kura, mdogo wangu hayumo. Hiyo kura ya maoni ni ya nani?

Karte ya uchaguzi, yaani kadi ya mpiga kura, ya marehemu baba iko hapa mezani mbele yangu. Tulimzika 2024. Hadi leo hakuna aliyekuja kuiulizia, na tulipoipeleka wenyewe hakuna aliyekubali kuipokea. Chumba cha pili amelala mdogo wangu, kazaliwa Februari 2006, mwezi uleule Katiba yetu ya Kongo ilipotangazwa rasmi. Kwa ibara ya 5 ya Katiba hiyo, aliyetimiza miaka 18 ni mpiga kura. Yeye karte hana. Walipokuwa wanaandikisha watu kwa uchaguzi wa Desemba 2023, alikosa kwa miezi miwili tu.

Sasa tangu Rais Tshisekedi aseme kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba anataka itazamwe Katiba mpya, hapa Lubumbashi haipiti siku bila kusikia maneno yaleyale, redioni, ndani ya taksi, hata kwenye kilio: wananchi wataamua kwa kura ya maoni. Wananchi gani? Baba yangu aliye kaburini, au huyu kijana aliyelala hapa?

Wakubwa, sikufungua uzi huu ili tubishane kama Katiba ibadilishwe au iachwe. Nyuzi za hayo ziko nyingi. Mimi nalia na daftari.

Na kwanza nimkosoe anayerudia kila mara mfano wa Uingereza, eti wazee waliwaamulia vijana kisha wakafa, na sisi yatatupata hayohayo. Ya kule ni kweli. Juni 23, 2016 walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, kutoka kukashinda kwa asilimia 51.9, tofauti ya kura kama milioni 1.3. Uchunguzi wa siku ile ulionyesha kwamba waliopita miaka 65 walitaka kutoka kwa asilimia 60 hivi, na vijana wa 18 hadi 24 walitaka kubaki kwa zaidi ya asilimia 70. Nchi ile inazika watu kama 600,000 kwa mwaka, wengi wao wazee, na kila mwaka vijana wengine wanafika 18. Mtaalamu wao wa kura, Peter Kellner, akapiga hesabu: hata kama hakuna mtu hata mmoja anayebadili mawazo, kufikia Januari 2019 vifo vya wazee na vijana wapya peke yake vingekuwa vimeshageuza ushindi. Walitoka Januari 31, 2020, mwaka mzima baada ya siku hiyo ya hesabu yake.

Lakini angalieni jambo moja. Kellner aliweza kupiga hesabu hiyo kwa sababu kwao kila anayekufa anaandikwa. Mtu akifa Jumatatu, kuna karatasi, kuna umri, kuna tarehe. Sisi sensa ya mwisho nchi hii ni ya 1984. Baba alikuwa kijana! Tangu hapo vimepita vita viwili vikubwa, kipindupindu, Ebola, na hakuna anayeweza kukuambia tuko wangapi hai, achilia mbali wangapi wamekufa na wa umri gani. Na kwetu kifo hakiendi kwa wazee kwanza. Kinabeba mtoto wa miaka miwili, kinabeba mama akijifungua, kinabeba mchimbaji wa miaka 25 ndani ya shimo. Kwa hiyo msichukue mfano wa Uingereza na kuupachika hapa. Kule daftari linabadilika kutoka juu, wazee wanapoondoka. Hapa linapaswa kubadilika kutoka chini, maana zaidi ya nusu ya Wakongo hawajafika miaka 18. Kila mwaka inaingia nchi nzima ya wapiga kura wapya, na mlango umefungwa.

Turudi Desemba 18, 2005, siku ya kura ya maoni ya Katiba hii. Baba alitoka nyumbani giza halijaisha, akarudi na kidole cheusi, akatuonyesha sisi watoto. Alipiga ndiyo. Alikuwa anasema wazi kwamba anataka vita viishe, basi. Waliojiandikisha walikuwa kama milioni 25, wakaenda asilimia 62, na ndiyo ikapata asilimia 84. Yaani zaidi ya watu milioni 12 walisema ndiyo. Aliyekuwa na miaka 18 asubuhi ile leo anakaribia arobaini. Wote walio chini yake, na ndio wengi mno, hawajawahi kuulizwa neno hata moja kuhusu Katiba inayowatawala. Hata Januari 2011, uchaguzi wa rais ulipofanywa wa duru moja, walibadilisha bungeni, hatukuulizwa. Kati ya wale milioni 12, ni wangapi bado wanapumua? Hata Abbé Malumalu aliyeisimamia kura ile alifariki 2016. Na daftari la 2023 lina watu kama milioni 44.

Sasa nisimulie kilichotupata. Dada yangu na mimi tulienda ofisi moja kutangaza kifo cha baba. Alifia nyumbani, kwa hiyo wakataka karatasi ya daktari. Tukaitafuta, tukailipia. Tukarudi, wakataka faranga nyingine ambazo hazina risiti. Tukalipa, kwa aibu nakiri. Nikauliza: na jina lake kwenye uchaguzi mnalitoa? Yule mtu hakuinua hata kichwa. "Mambo ya uchaguzi haiko kazi yetu, papa. Muende kule banaandikishaka batu." Tukaenda kule. Kule wakasema wanangoja orodha kutoka kwa wanaoandika vifo. Tulizunguka wiki tatu na karte ya marehemu mfukoni! Na siku ileile nikauliza habari ya mdogo wangu, nikajibiwa asubiri kazi ya kuandikisha ifunguliwe. Karte ya uchaguzi ndiyo ingekuwa kitambulisho chake, bila hiyo hata barabarani anasumbuliwa usiku.

Jina la marehemu likibaki daftarini si karatasi tu. Linaweza kupigiwa kura na mtu. Na hata asipolipigia mtu, linapotosha hesabu ya mahudhurio, halafu watatuambia wananchi hawakujitokeza.

Sijasema bado habari ya Goma na Bukavu, miji iliyotekwa na waasi wa M23 Januari na Februari 2025. Watu wa Masisi na Rutshuru, kulekule Kivu, hawakupiga hata kura ya 2023. Ndugu zetu wale wamezika watu ambao hakuna ofisi iliyowaandika. Mnataka kuwauliza nini, na kwa daftari lipi?

Ninachodai: sensa kwanza. Kifo kiandikwe bure. Anayetimiza 18 aandikishwe mwaka huohuo. Kabla ya hapo asije mtu kuniambia wananchi wameamua.

Na wewe unayesoma, kama uliwahi kufaulu kumtoa marehemu wako daftarini, mji wowote, andika hapa chini ulipita mlango gani na ulidaiwa nini. Kesho asubuhi narudi tena na hii karte.