Nyumba ya kupanga ugenini: nitafute kabla ya kusafiri au nikishafika?

Mgeni Mtarajiwa

Wakuu, habari za wakati huu.

Mkataba wa kazi nje umeshasainiwa, viza iko njiani, na zimebaki wiki 7 za kuripoti. Kazi si tatizo, tatizo ni pa kulala. Naombeni majibu ya watu wanaoijua shughuli yenyewe:

1. Nipange kabisa nikiwa huku, au nifikie mahali pa muda kwanza? Kama ni pa muda, kwa siku ngapi?
2. Kila tangazo linataka historia ya mikopo, hati za mshahara za miezi 3 na barua ya mwenye nyumba wa zamani. Aliyeshuka kwenye ndege jana atavitoa wapi?
3. Niwe na kodi ya miezi mingapi mkononi?

Sijataja nchi kwa makusudi ili uzi uwafae na wengine. Anayejua sheria ya nchi fulani aitaje.

Kitasa

Hongera mkuu. Fikia pa muda, na uchukue wiki 4 hadi 6. Wiki 2 hazitoshi, na sababu ni hesabu tu. Wiki ya kwanza inaishia kwenye laini ya simu, benki na ofisi za serikali. Kuangalia nyumba unaanza wiki ya pili. Hata ukikubaliwa mara moja, mpangaji aliyemo kwa kawaida anahama mwisho wa mwezi, kwa hiyo kati ya "tumekupa" na kushika funguo zinaweza kupita wiki mbili tatu. Aliyelipia siku 14 anafika siku ya 12 akiwa tayari kusaini chochote kilicho mbele yake, na dalali anamsoma usoni.

Watu wengi wakitafuta pa muda wanauliza bei tu. Uliza kwanza: "Naweza kuandikisha makazi kwa anwani hii, na barua zangu zitapokelewa?" Ujerumani, kwa mfano, unatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, ukiwa na fomu iliyosainiwa na aliyekupa makazi, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Wenye nyumba wengi za kitalii hawaitoi. Usipojiandikisha, namba ya kodi ya mapato haiji, maana inatumwa kwa posta kwenye anwani uliyoandikisha. Uholanzi, anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 4 anapaswa kujiandikisha manispaa ndani ya siku 5 tangu afike.

Ndipo kinapoanza kile kizungumkuti: benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki, mwajiri anataka vyote viwili. Duara hilo halikatwi popote pale tu, likatie kwenye anwani. Ukishapata ya muda inayokubalika, mengine yanafunguka yenyewe.

Na jambo dogo linalowaumbua watu: jina lako liwe kwenye kisanduku cha barua. Majengo mengi ya Ujerumani milango haina namba, mtu wa posta anasoma majina. Jina lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka, na kadi ya benki inarudi nayo.

Faili Moja

Nijibu namba 2.

Mwenye nyumba haitaki historia ya mikopo kwa kuipenda. Anataka kujua mambo mawili: kodi italipwa, na siku ya kuondoka utaondoka. Mpe ushahidi mwingine wa mambo hayohayo. Tengeneza faili moja la PDF, lisizidi MB 5 ili lisikataliwe na barua pepe, kurasa zikiwa na mpangilio huu:

- Ukurasa wa kwanza: jina, kazi, mwajiri, mshahara kabla na baada ya makato, idadi ya watakaoishi, tarehe ya kuhamia, namba ya simu ya hapohapo nchini.
- Mkataba wa kazi, au barua ya mwajiri inayotaja mshahara, tarehe ya kuanza na kama ni ajira ya kudumu au ya muda.
- Pasipoti na viza.
- Taarifa za benki za miezi 3 hadi 6 kutoka nyumbani. Kama haziko kwa lugha ya nchi hiyo wala Kiingereza, weka tafsiri.
- Barua ya mwenye nyumba wako wa sasa: umekaa tangu lini, umelipa kwa wakati, huna deni. Hii iombe kabla hujaondoka. Ukishaondoka, kumfuatilia aiandike na kuisaini ni kazi nyingine.

Kwenye nakala ya pasipoti andika katikati ya ukurasa: "Kwa maombi ya kupanga nyumba tu", na tarehe. Funika namba zisizohitajika. Hatua ya kutuma maombi haihitaji nakala safi, na nakala safi ndiyo mali ya tapeli.

Kuhusu mdhamini: Ufaransa kuna Visale, dhamana ya bure inayowafaa hasa vijana wa miaka 18 hadi 30. Cheti chake unakiomba kabla ya kusaini mkataba, ukishasaini umechelewa. New York kipimo kilichozoeleka ni mshahara wa mwaka usiopungua mara 40 ya kodi ya mwezi, na usipofikia wanataka mdhamini mwenye mara 80. Kwingine muulize mwajiri. Makampuni yanayoajiri wageni mara nyingi yana barua ya dhamana tayari ila hayaitangazi.

Kulipa miezi 6 mbele ili kuziba pengo la historia iwe njia ya mwisho. Kuna nchi sheria inaibana, na hata inaporuhusiwa umejinyang'anya silaha: hita ikifa mwezi wa pili, huna cha kumshikia mwenye nyumba.

Ujumbe wa kwanza kwa tangazo usizidi mistari sita. Tangazo zuri linajaa maombi ndani ya saa chache, na anayesoma anaangalia nani, kazi gani, lini, wangapi. Salamu ndefu waachie wazee wa ukoo.

Jicho la Mwewe

Utapeli wa kawaida mnaujua: picha nzuri, bei chini ya soko, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi kikazi", funguo zitakuja kwa kampuni ya vifurushi ukishatuma amana. Huo unaukamata kwa kutafuta picha zile mtandaoni. Mara nyingi utazikuta kwenye tangazo la hoteli au nyumba ya kuuzwa mji mwingine.

Unaowapata wajanja ni ule wa pili. Tapeli anakodi nyumba ya kitalii kwa siku tatu nne, anaitangaza kama ya kupangisha, anawaonyesha watu ishirini, na anachukua amana kwa kila mmoja. Umeingia ndani, umefungua bomba, umeshika hadi funguo, na bado umepigwa. Kwa hiyo kuiona nyumba hakuthibitishi kuwa anayekuonyesha ana haki ya kuipangisha. Kinachothibitisha ni karatasi:

- Jina kwenye mkataba, jina kwenye kitambulisho chake na jina kwenye akaunti ya benki yawe lilelile. Akaunti ikiwa ya "shemeji", simama hapo.
- Rejesta ya ardhi. England na Wales mtu yeyote anaweza kupata kwa ada ndogo hati inayoonyesha mmiliki wa nyumba.
- Kama ni mpangaji anayekupangisha chumba, omba ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Bila hiyo, siku mwenyewe akigundua mnatoka wote.

Malipo yapite benki kwenda benki, baada ya mkataba kusainiwa na pande zote mbili. Anayetaka kadi za zawadi, sarafu za mtandaoni au huduma ya kutuma fedha taslimu ameshajitambulisha.

Ukilazimika kukagua kwa video, iwe moja kwa moja. Mwambie aanzie barabarani namba ya nyumba ikionekana, aingie bila kukata, afungue bomba la maji moto, kisha asogee dirishani. Video iliyorekodiwa siyo ukaguzi, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mgeni Mtarajiwa

Asanteni sana wakuu. Namba 3 bado. Pia nimeona matangazo ya Ujerumani yana kodi mbili kwa nyumba ileile, nishike ipi?

Bi Hesabu

Shika zote mbili, mdogo wangu. Kaltmiete ni kodi ya kuta tupu. Warmmiete imeongezwa gharama za uendeshaji: maji, taka, usafi wa ngazi, na kwa kawaida joto. Umeme na intaneti mara nyingi viko nje ya zote mbili. Hizo gharama za uendeshaji kwa kawaida ni makadirio. Mwisho wa mwaka wanapiga hesabu, na ukiwa umewasha hita madirisha yakiwa wazi utaletewa deni.

Amana inategemea nchi, na ukijua kikomo huibiwi kwa tabasamu:

- Ujerumani: isizidi Kaltmiete 3, na una haki ya kuilipa kwa awamu 3 za mwezi mwezi.
- Uholanzi: tangu Julai 2023 mikataba mipya isizidi kodi 2 za msingi.
- Uingereza, nikimaanisha England yenyewe: wiki 5 za kodi, kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Lazima iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30 na upewe taarifa zake. Pesa ya kushikilia nyumba isizidi wiki 1.
- Ufaransa: mwezi 1 kwa nyumba isiyo na samani, miezi 2 kwa yenye samani.
- Ontario, Kanada: amana ya uharibifu hairuhusiwi kabisa. Wanaweza kuchukua kodi ya mwezi wa mwisho tu, na ya funguo inayorudishwa.

Japani ongeza reikin, ambayo ni zawadi kwa mwenye nyumba na hairudi. Usiichanganye na shikikin, ambayo ndiyo amana.

Sasa jumla. Kodi ya mwezi wa kwanza ni 1, amana mpaka 3, malazi ya muda yanayogongana na kodi mpya mara nyingi ni 1 nyingine, na nyumba tupu inakula 1. Weka kodi za miezi 6. Na "tupu" uielewe. Ujerumani nyumba nyingi zinapangishwa bila jiko, huna sinki wala kabati. Uholanzi unaweza kukuta sakafu ni saruji, zulia aliondoka nalo aliyehama. Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi nini kinabaki.

Pesa hiyo isiwe taslimu mfukoni. Ukiingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima uitangaze forodhani. Itume kwa benki, na jua kikomo cha kutuma kwa siku. Wengi wanapoteza nyumba siyo kwa kukosa pesa, ni kwa sababu benki inaruhusu robo yake tu kwa siku na mwenye nyumba ana mtu mwingine mkononi.

Mzazi wa Watatu

Kitasa, hapo kwenye "fikia pa muda" nakupinga kidogo. Mwenye watoto wa shule hawezi kukaa wiki 6 bila kujua mtaa, kwa sababu sehemu nyingi shule inategemea anwani. Kwake kuna njia mbili: nyumba ya mwajiri au chuo kwa miezi 3 hadi 6, au kumlipa wakala wa kuhamisha watu aende kukagua kwa niaba yake. Vinginevyo mmoja atangulie.

Kitasa

Hapo nimekubali, mzazi. Ila wakala huyo alipwe na mpangaji na amtumikie mpangaji. Dalali wa mwenye nyumba ni wa mwenye nyumba, hata akikuita ndugu.

Fundi Mita

Mmesahau ukaguzi wenyewe, na ndiko amana zinakoliwa.

Nenda mchana. Fungua bomba la bafu na la jikoni kwa pamoja uone kama maji yanafifia. Hesabu sekunde hadi maji moto yafike. Sogeza kabati lililoegemea ukuta wa nje. Ukungu unapenda kona hizo kwa kuwa ukuta ni baridi na hewa haipiti. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba, huku kuta nyingine zimechakaa, ni alama ya ukungu uliofichwa. Nchi za baridi ukishahamia, fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10 mara mbili tatu kwa siku na hita ikiwa imezimwa. Kuacha upenyo kidogo kutwa nzima kunapoza ukuta, na unyevu unaganda palepale.

Kisha mita. Zima swichi kuu ya umeme ya nyumba, nenda ukaiangalie. Ikiendelea kuhesabu, kuna taa ya ngazi au chumba cha jirani kimeungwa kwako na utakuwa ukikilipia.

Siku ya funguo, mwandike ripoti ya hali ya nyumba chumba kwa chumba, wote msaini. Usiandike "nzuri", andika "mkwaruzo sm 10 mlangoni, upande wa kulia". Piga picha kila ukuta, ndani ya oveni, chini ya sinki, na namba za mita zote pamoja na namba ya mita yenyewe. Zitume kwa barua pepe siku hiyohiyo ili tarehe ijitetee. Ufaransa una siku 10 za kuomba kasoro uliyoikuta baadaye iongezwe kwenye ripoti. Huko pia bima ya nyumba ni lazima kwa mpangaji, kwa hiyo uwe nayo kabla ya kwenda kuchukua funguo.

Hesabu funguo na uandike idadi, ukitenganisha za lango, mlango, kisanduku cha barua na stoo ya chini. Funguo moja ya lango kuu ikipotea unaweza kudaiwa vitasa vya jengo zima, na utashindwa kubisha kama karatasi inasema ulipewa nne wakati ulipewa tatu.